Ombi la Mtani

Mdogo wangu Lansine alizikwa Konakri siku ya Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, mimi nikafika Alhamisi mchana. Kutoka Kankan ni mwendo wa mchana na usiku, na mwaka ule mvua ilikuwa imeikata barabara karibu na Mamou, tukashushwa garini tukavuka tope kwa miguu. Wenzake walikuwa wamenipigia simu alfajiri kuniuliza kama wanisubiri. Niliwaambia wamzike. Maiti haicheleweshwi, na kule walikokuwa hapakuwa na mahali pa kumweka.

Wenzake wa chumbani walinipeleka makaburini. Tuta lilikuwa limenywa maji na limeanza kubonyea katikati. Sikujua kichwa kiko upande gani, nikabaki nimesimama tu, mpaka kijana mmoja akanishika kiwiko akanisogeza taratibu. Nilikuwa nimesimama miguuni.

Naandika mambo haya kwa sababu nimeanza kujisikia nikiyasimulia kwa namna inayonifaa. Mtu akiniuliza nasema ni homa. Nasema ni kazi ya Mungu. Yote ni kweli. Lakini Lansine hakutaka kwenda Konakri. Mimi ndiye niliyempeleka, na njia niliyoitumia naijua mimi na mtu mmoja mwingine.

Baba yetu alikufa nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, Mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Lansine alikuwa na miaka minane. Niliacha shule wiki sita kabla ya mtihani, nikachukua cherehani ya Mama na meza yake pale soko kubwa, nikamlea. Madaftari yangu niliyafunga kwa kamba nikayasukuma chini ya kitanda. Kila nikifagia ufagio uliyagusa.

Alikuwa mtoto wa maswali. Nikimtuma chumvi, alirudi na chumvi na swali. Siku moja alitaka kujua kwa nini mama Saran, muuza bagia wa pale langoni mwa soko, akipata barua kutoka kwa binti yake aliyeolewa Kouroussa, humpa dereva wa lori amsomee. Nikamwambia kwa sababu hajui kusoma. Akaniuliza, sasa dereva akiruka maneno, yeye atajuaje?

Swali hilo hakuliacha. Alipofika miaka kumi na tisa, angali mwanafunzi, alikuwa na kibanda cha mabati mkabala na meza yangu, na ndani yake kompyuta kuukuu, printa, na jenereta ndogo iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Asubuhi alikwenda shule. Mchana aliwachapia watu maombi ya kazi na kuwatolea nakala za vyeti vya kuzaliwa. Baada ya sala ya alasiri alitandika mkeka mbele ya kibanda, akawafundisha wanawake wa soko kusoma kwa herufi za kwetu, zile zilizobuniwa kwa ajili ya Kimaninka, zinazokwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Shule inasomesha Kifaransa. Hizi hufundishwa vibarazani na sokoni, na wengi wanaojifunza ni watu wazima.

Alitunga kijitabu chake mwenyewe, kurasa ishirini na nne, akakichapa na kukishona kwa uzi wangu. Kila somo lilianza na neno la soko: chumvi, mizani, gunia, deni. Alikiuza kwa bei ya bagia tano. Nilimwambia awape bure, wale ni maskini. Akacheka.

"Dada, karatasi ya bure watafungia karanga. Wakiinunua, wataitunza."

Na kweli waliitunza. Nilimwona mama Saran akikitoa kijitabu kifuani, kimefungwa kwenye plastiki, vidole vina mafuta, akivifuta kwanza kwenye kanga kabla ya kufungua. Ilimchukua mvua moja na kiangazi kimoja. Siku aliposoma barua ya binti yake bila dereva, hakupiga kelele. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akageuka kukaanga bagia, na siku ile bagia ziliungua.

Mimi sikukaa kwenye ule mkeka. Nilikuwa nimesoma Kifaransa karibu mpaka mwisho. Niliona haya kukaa bega kwa bega na wauza samaki nikiunganisha herufi kwa sauti kama mtoto. Lansine aliniita mara mbili tatu, kisha akaacha.

Mpango wake ulikuwa mkubwa kuliko kibanda. Nchi yetu ni ya masoko ya juma: leo soko liko hapa, kesho kijiji cha pili, keshokutwa ng'ambo ya mto, na wafanyabiashara wanalifuata. Alitaka kila mwanamke aliyemaliza kijitabu achukue nakala kumi, aziuze sokoni kwake, awafundishe walionunua, na abaki na sehemu yake. "Litakwenda lenyewe," alisema. "Wazo likiwa na faida, linapata miguu." Alikuwa ameanza pia kitabu cha pili. Kile cha kwanza kilifundisha kusoma tu. Cha pili kingefundisha kuandika. Mama Saran aliweza kuisoma barua ya binti yake, ila kumjibu hakuweza.

Ndipo matokeo ya mtihani wa mwisho yakatoka, redio ikasoma majina. Lansine Condé alikuwa wa kwanza mkoa mzima katika fani yake. Nilikuwa nashona suruali. Niliposikia jina la baba yetu likitoka redioni niliusimamisha mguu kwenye kanyagio na sikuweza kuuendesha tena siku ile. Serikali ilimpangia chuo kikuu Konakri, asomee lugha. Alipewa muda wa mwezi mmoja na siku chache kujiandikisha.

Akasema haendi.

Mwanzoni nilidhani anatania. Nilipika mchele na mchuzi wa karanga, nikamwekea nyama yote upande wake, nikamwacha ale kwanza. Kisha nikamweleza kama mzazi. Nilimkumbusha yule mkaguzi wa shule aliyesimama kibandani mwaka uliopita. Mkaguzi alikifungua kijitabu, akakipenda, uso ulionyesha, akauliza, "Wewe umesomea wapi haya?" Lansine akajibu kwamba bado yuko sekondari. Yule bwana akakirudisha mezani polepole, kama mtu anayerudisha nguo aliyoambiwa bei yake. Nikamwambia Lansine, siku utakaporudi na shahada, mtu huyo huyo atakusimamia. Sahihi moja tu ya wizara, kijitabu chako kinaingia kila shule, kila kijiji. Hapa unafundisha wanawake kumi na saba. Mvua moja tu ikipiga kibanda, umekwisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mkaidi, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Nikienda, dada, baada ya miaka minne nitaandika kitabu kikubwa kuhusu wanawake wasiojua kusoma. Kwa Kifaransa. Na wao hawataweza kukisoma."

"Na ukibaki, nani atakusikiliza zaidi ya wauza bagia?"

"Hao ndio niliotaka wanisikilize."

Tulizungumza hivyo siku nyingi. Aliniambia chuo kitamsubiri, mwaka ujao, mwaka wa tatu, lakini wanawake hawa wakitawanyika sasa hawatarudi mkekani. Nilimwambia nafasi ya serikali haimsubiri mtu. Alisema atakapokuwa na vibanda vitano wizara itakuja yenyewe. Nilimwambia wizara haijawahi kuja yenyewe mahali popote. Sasa nikiyapima maneno yetu naona kila mmoja alikuwa na haki yake, ila mimi nilikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema. Nilitaka redio isome tena jina la Condé, na safari hii liwe na cheo mbele yake. Nilitaka mmoja wetu aifuate mpaka mwisho ile shule niliyoiacha.

Zilipobaki siku tisa, nikaenda kwa Famori Traoré.

Mtu aliye na watani hahitaji kuelezwa sana. Sisi akina Condé watani wetu ni akina Traoré, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Traoré akinikuta njiani ananiita mtumwa wake, na mimi namwita wangu. Anasema akina Condé wote ni walafi wa kunde, na mimi namwambia baba yake aliuzwa kwa bakuli la kunde na chenji ikarudi. Hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Famori alikuwa muuza kola, zile kokwa chungu za kutafuna, mzee mwenye kofia ya sufi nyeupe ambayo haikuwa nyeupe tena, na alikaa hatua tano kutoka kibandani kwa Lansine. Siku nzima walichokozana, na nusu ya watu waliosimama pale walikuja kuwasikiliza tu.

"Condé! Nani amekupa ruhusa ya kufungua duka bila kuniuliza mimi bwana wako?"

"Baba Traoré, mtumwa husalimu kwanza, ndipo aulize."

"Nilisikia harufu ya kunde nikasema hapa lazima pana Condé. Kweli tupu. Hiki kibanda umekiweka kwa ajili ya kalamu au kwa ajili ya bagia za Saran?"

"Nimekiweka nikulinde wewe. Juzi ulikula zile mbichi."

Mama Saran naye alikuwa akidakia kwamba wote wawili hawajalipa.

Lakini utani una upande wake mwingine. Mtani akija na kola kumi, akavua kofia, akakaa chini mbele yako na kukuomba jambo, huwezi kumkatalia. Nimeona mume aliyeapa kutomrudisha mkewe akimrudisha jioni hiyohiyo. Nimeona ndugu wawili waliogombea shamba miaka sita wakila sahani moja, kwa sababu Traoré mmoja mlevi alikaa vumbini akawaomba. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ila hakuna anayetaka kuwa mtu wa kwanza aliyekataa.

Kola kumi nilizinunua upande wa pili wa soko, maana huwezi kumpelekea mtu kola alizokuuzia mwenyewe. Nilimkuta nyumbani kwake asubuhi ya Ijumaa anaosha miguu. Alianza kama kawaida, akauliza tangu lini watumwa wanaingia kwa mlango wa mbele. Alipoona sijibu akaiweka birika chini.

Nilimweleza. Alisikiliza akiwa anavifuta vidole vya miguu kimoja kimoja.

"Nantenin," alisema, "utani ni wa kuzimia moto. Hapa sioni moto. Kijana anafanya kazi yake."

"Upo, baba. Unaniunguza mimi."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Yeye ni mtoto."

"Ana ndevu kuliko mimi."

Akaniambia nikazungumze na mdogo wangu tena, na tena, kwa ulimi wangu mwenyewe. Akasema jambo la mtu anayejua anachokitaka halivunjwi kwa kola. Alikuwa akinifukuza kwa upole, na mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilifika mlangoni, nikarudi. Nikavua viatu. Nikakaa chini kwenye maji aliyooshea miguu, nikaziweka zile kola kumi mbele yake, nikamwambia, "Traoré, mimi Condé nakuomba."

Maana naye alikuwa mtani wangu. Kama Lansine asingeweza kumkatalia yeye, yeye asingeweza kunikatalia mimi.

Hakuniita mtumwa, hakuniita mla kunde. Alizichukua zile kola, akazifunga kwenye kitambaa, akasema nikapanguse nguo yangu, imelowa.

Alikuja kesho yake baada ya alasiri. Wanawake walikuwa mkekani, wamefika somo la kumi na tano. Mimi nilikuwa mezani kwangu nimeinamia cherehani, na sikuwa nashona chochote. Walipomwona anakuja bila sinia lake la kola walianza kucheka kabla hajafungua mdomo, wakijua leo kuna jambo. Lansine akaweka chaki chini.

Famori akavua kofia. Akajishusha vumbini, mkono mmoja gotini, kwa shida ya uzee wake.

"Haya," Lansine akasema, "hatimaye mtumwa amejua mahali pake." Wanawake wakacheka sana. Mama Saran akamwambia Famori asogee, anamzibia jiko.

Famori akafungua kitambaa. Kola kumi zikalala pale, nyekundu na nyeupe. Kicheko kikapungua kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka ikabaki sauti ya jenereta.

"Condé," alisema Famori, "mimi Traoré nimekuja kukuomba. Nenda Konakri. Nenda ukasome."

Lansine alizitazama kola. Kisha akainua macho, si kwa Famori. Alinitafuta mimi. Nilipotaka kuangalia pembeni nilikuwa nimechelewa.

"Dada," alisema, polepole tu.

Nikainamia cherehani. Akamgeukia mzee.

"Baba Traoré, niombe kitu kingine. Niombe kibanda, nikupe sasa hivi, na kompyuta yake."

"Sikuja kuomba kibanda."

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, kipara chake kinang'aa jasho. Nafikiri kama Lansine angesema hapana, Famori angefurahi. Nafikiri alikuwa akimsubiri aseme. Lakini Lansine alilelewa vizuri, na aliyemlea ni mimi. Alichukua kola moja, akaipasua, nusu akaiweka kiganjani mwa Famori, nusu akaitia mdomoni. Hilo ndilo jibu. Kisha akaokota chaki akamalizia somo la kumi na tano, na lile neno la mwisho akalirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani hakunigombeza. Alipanga nguo zake. Nilimwambia siku moja utanishukuru. Akasema, "Pengine, dada." Aliniomba jambo moja tu, nikae kwenye ule mkeka badala yake, angalau niwasaidie wanawake kurudia. Nikamkumbusha kwamba mimi herufi zile sizijui. Akasema, "Ndiyo, nilikuwa nimesahau." Hakusema kwa ubaya.

Aliwaahidi wanawake kitabu cha pili wakati wa likizo. Kompyuta tuliihifadhi chumbani kwangu, kibanda kikafungwa kwa kufuli.

Alinipigia simu kila Jumapili. Walikuwa wanne chumba kimoja, maji ya foleni, na ukumbi wa mihadhara ulijaa mpaka wengine wakaandika wakiwa wamesimama madirishani. Sikusikia malalamiko katika sauti yake, nilisikia uchovu. Mwezi wa tatu alimpelekea mwalimu wake mmoja kijitabu. Mwalimu alikuwa mtu mwema, alikisoma chote, akamwambia ni mada nzuri sana kwa ajili ya tasnifu ya mwaka wa mwisho, akiweke kwanza. Lansine akakiweka. Kila nilipomuuliza kuhusu kitabu cha pili alisema baada ya mitihani, na baada ya mitihani ikaja mitihani. Likizo ya kwanza hakurudi. Masomo yalikuwa yamechelewa kwa migomo, wakasoma mfululizo.

Jumapili moja aliniambia, "Dada, hapa najifunza namna ya kukieleza kitu nilichokuwa nakifanya." Nilicheka, nikidhani anataka nicheke. Yeye hakucheka.

Wanawake waliendelea bila yeye kwa muda. Jioni waliketi palepale, mbele ya kufuli, mama Saran akiwaongoza. Lakini kitabu kilikuwa kimoja na walikuwa wamekimaliza. Walikirudia. Kurasa zilichakaa kwenye mikunjo, wakajua kila ukurasa kwa moyo, mpaka nikipita nikisikia sauti zao sikuweza kujua kama wanasoma au wanaimba tu. Mmoja akaacha, akimfuata mumewe kwenye machimbo ya dhahabu Siguiri. Wawili wakaacha kwa sababu waume walisema mwalimu mwenyewe amekimbia. Mwishoni walibaki watatu, kisha nikamwona mama Saran amefunika gunia la unga kwa ule mkeka.

Mwaka wa pili, mvua zilipokuwa kali, Lansine alinipigia Jumamosi badala ya Jumapili. Alisema kichwa kinamuuma, amemeza vidonge, atalala. Aliniuliza habari za mama Saran. Nikamwambia anamsubiri na kitabu chake. Sikumwambia habari ya mkeka. Akasema, "Mwambie kimefika somo la nne." Jumatatu simu yake haikupokelewa. Jumanne usiku wenzake walimbeba hospitali, na Jumatano kabla ya alfajiri akafa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Nilirudi Kankan na sanduku lake. Ndani yake mlikuwa na mashati manne, madaftari ya Kifaransa yaliyojaa, na daftari moja jembamba la herufi za kwetu. Nililijua kwa mwandiko tu. Nililigeuza nikalifungua upande ambao kwangu ni wa nyuma. Kurasa kama kumi ziliandikwa, ya mwisho ilikuwa barua. Hata mtu asiyejua herufi hujua umbo la barua: mstari mfupi juu, kisha nafasi, kisha mistari mirefu. Iliishia katikati.

Nililala nalo siku mbili. Nilijiambia kwamba alijua anaumwa, akaniandikia mimi, na akaniandikia kwa herufi zile makusudi ili nilazimike kujifunza. Siku ya tatu nikashindwa kusubiri. Nikalipeleka kwa mama Saran.

Alifuta vidole kwenye kanga. Alisoma polepole, kidole kikienda kushoto, midomo ikitangulia sauti.

"Ni somo la nne," alisema. "Namna ya kuandika barua."

"Soma barua yenyewe, mama."

"'Dada yangu, salamu. Sisi huku hatujambo.'" Akasimama kidogo, akanitazama, akaendelea. "'Nimepata magunia mawili ya chumvi. Lori la Kouroussa litakapokuja, nitumie…' Basi. Hapo hakumaliza."

"Nitumie nini?"

"Hakuandika, mwanangu. Ni mfano tu. Ni wa watu wa soko."

Aliliweka lile daftari mapajani, akaupapasa ule ukurasa kwa kiganja. Nilipoinuka kuondoka aliniuliza kama anaweza kukaa nalo. Alisema masomo matatu ya kwanza yamekamilika, atajaribu kuyafuata mwenyewe. Nikamwachia. Kuna siku nimemwona akiandika kwa kijiti kwenye unga. Anafika mahali anafuta.

Arobaini tuliifanyia uani kwetu. Watu walijaa. Wanawake wote wa mkekani walikuja, hata yule wa Siguiri. Qurani ilisomwa, vyakula vikagawiwa, na kadiri mchana ulivyosonga nikaona watu wanatazama mlangoni. Walikuwa wakimngoja Traoré. Kwetu msiba hauishi mpaka mtani aje auvuruge. Alipokufa baba yangu, Famori huyuhuyu alilala chali mbele ya jeneza, akasema hatoki mpaka alipwe, kwa sababu Condé amemtoroka na mzigo wa kunde na sasa anajifanya amekufa. Nilikuwa msichana, macho yamevimba, na nilicheka mpaka nikashika mbavu, na baada ya kicheko kile ndipo niliweza kula.

Famori aliingia baada ya alasiri, kofia kichwani, fimbo mkononi. Minong'ono ikatulia. Watu walikuwa tayari kucheka. Alipita katikati yao, akaja mpaka nilipokaa, akanipa mkono.

"Mungu amrehemu," alisema. "Mungu awape subira."

Akakaa kwenye benchi pamoja na wageni. Akapewa chakula, akala kidogo, akashukuru.

Watu walitazamana. Shangazi yetu mmoja, mtu wa Kérouané, mwenye mdomo, hakuvumilia. "Wewe Traoré, umelogwa? Mtumwa wako amekufa na wewe umekaa kama mkwe. Mtukane basi marehemu."

"Leo sina, mama," alisema Famori.

Alipoondoka nilimfuata nje, mpaka penye ukuta wa jirani. Alisikia hatua zangu akasimama lakini hakugeuka mara moja. Nilitaka kumwambia kwamba kosa si lake, kwamba mimi ndiye niliyekaa kwenye yale maji, kwamba hakuwa na njia ya kunikatalia. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo siku arobaini. Yaliyotoka ni mengine.

"Baba Traoré, nitukane."

Akanigeukia. Midomo yake ilisogea, nikaona anatafuta, nikaona amelipata neno na ameliacha.

"Nikikutukana sasa, Nantenin," alisema, "litakuwa tusi."

Akaweka fimbo mbele, akaondoka kuelekea sokoni. Hatua zake tano kutoka kibandani bado ni zilezile, na mimi meza yangu iko palepale mkabala. Kila asubuhi nikifika ananisalimu kwa heshima, ananiuliza habari za nyumbani, na mimi namjibu kwa heshima.